Kisomo Hakipimwi kwa Kibaba Kimoja

Karani wa sensa amepewa kiti kizuri kuliko vyote vya nyumba ile. Kishikwambi kiko mapajani. Mwenye kaya anajibu maswali huku amesimama, maana shamba linamsubiri. Wamekwishapita majina, umri na hali ya ndoa.

"Mzee, na mama anajua kusoma na kuandika?"

"Anajua."

"Lugha gani?"

"Kiswahili."

Karani anagusa kioo, swali limekwisha. Mama mwenyewe yuko jikoni anachochea kuni. Hakuitwa wala hakupewa karatasi asome. Pengine anasoma vizuri kuliko mumewe. Pengine alijua zamani, akasahau. Pengine hakuwahi kujua, na mzee ameona haya kumtangaza mkewe mbele ya mgeni.

Hivi ndivyo swali hili linavyojibiwa katika kaya nyingi. Majibu ya namna hiyo yakijumlishwa kwa mamilioni huzaa asilimia moja inayosomwa bungeni, inayoandikwa magazetini na kupangiwa bajeti. Kwa Tanzania, sensa ya 2012 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 78 katika kila 100 walijua kusoma na kuandika. Sensa ya 2022 ikaipitisha asilimia hiyo 80. Ni habari njema, na sina nia ya kuibeza. Ninachouliza ni kitu kingine: diwani au mwenyekiti wa kijiji akitaka kujua watu wake wamefika wapi katika kusoma, kuandika na elimu kwa jumla, namba hiyo itamsaidia nini? Na kama haimtoshi, apime vipi?

Ngazi nne za enzi ya kufuta ujinga

Nchi hii iliwahi kulijibu swali hilo kwa umakini ambao leo tumeusahau. Baada ya uhuru, karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Kati ya 1968 na 1972, kwa msaada wa UNESCO, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliendeshwa katika mikoa ya kanda ya Ziwa Victoria: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Mkulima alijifunza herufi kupitia pamba na migomba, mvuvi kupitia nyavu na samaki. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita, yaani Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam, zikapewa kazi ya kufuta ujinga kabla ya mwisho wa 1971, taifa lilipotimiza miaka 10 ya uhuru. Kisha chama cha TANU kikaamua kazi hiyo iwe ya nchi nzima ifikapo 1975.

Agosti 1975 mamilioni ya watu wazima walikaa kufanya mtihani wa taifa wa kisomo. Mtihani ule haukuwagawa watu makundi mawili tu, wajuao na wasiojua. Uliwapanga katika ngazi nne. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya aliyejiandikisha na kuhudhuria. Ya pili ilikuwa ya anayetambua maneno na alama na kujumlisha tarakimu ndogo. Ya tatu ilikuwa ya anayesoma na kuandika sentensi fupi. Ya nne ilikuwa ya anayesoma maandishi ya maisha ya kila siku kwa kuelewa na kuweka hesabu zake mwenyewe. Kwa hiyo ofisa wa wilaya aliweza kujua si tu wangapi wamebaki nyuma, bali wamebaki wapi.

Mtihani ukarudiwa 1977, 1981, 1983 na 1986. Idadi ya wasiojua kusoma ikatangazwa kushuka kutoka asilimia 39 mwaka 1975 hadi 27, kisha 21, kisha 15, na mwisho asilimia 9.6 mwaka 1986. Dunia ilitutazama kwa heshima, na kwa haki.

Miaka miwili baadaye ikaja sensa ya 1988. Hiyo ikaonyesha watu wazima takribani 6 tu kati ya 10 wakijua kusoma na kuandika. Ya 2002 ikaonyesha karibu 7 kati ya 10. Mtu akiziweka namba hizi pamoja bila maelezo, atadhani taifa lilipoteza theluthi ya wasomaji wake usiku mmoja.

Haikuwa hivyo, na hapa pana somo kubwa kuliko namba zenyewe. Kwanza, vyombo vilikuwa viwili. Kampeni ilipima waliopita katika madarasa yake, tena kwa ngazi zake. Sensa iliuliza nyumba kwa nyumba, swali moja, jibu moja. Pili, kusoma ni kama panga: lisipotumika hushika kutu. Enzi za kampeni palikuwa na magazeti ya vijijini, mfano *Elimu Haina Mwisho* lililoanzishwa 1974 kwa ajili ya kanda ya Ziwa, palikuwa na maktaba za vijiji na vikundi vya kusikiliza redio. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, karatasi ikawa adimu, magazeti yakakatika, walimu wa kujitolea wakachoka. Aliyefika ngazi ya tatu akakosa cha kusoma, akateremka bila mtu kumwandika. Tatu, uandikishaji wa watoto shuleni nao ulilegea miaka hiyo, wakaingia utu uzima vijana ambao darasa hawakulikalia ipasavyo.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha asilimia ya jana na ya leo, uliza kwanza imepimwa kwa kibaba gani. Muuza mchele anayepima asubuhi kwa kibaba na jioni kwa kopo la rangi hawezi kusema biashara imepanda au imeshuka.

Kusema najua na kusoma mbele ya mtu

Kenya ilitoa mfano ulio wazi kuliko wote katika eneo letu. Mwaka 2006 ilifanya utafiti wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima, na badala ya kuwauliza watu kama wanajua, iliwapa mtihani. Hadi hapo makadirio yaliyokuwa yakitumika yalizidi asilimia 70. Mtihani ulitoa asilimia 61.5. Tena kati ya watu wazima wote, ni asilimia 29.6 tu waliofika kiwango kinachotakiwa, yaani kusoma na kuyatumia waliyoyasoma. Waliobaki kati ya namba hizo mbili ni watu wanaoweza kutamka maneno ya tangazo lakini wasiweze kukueleza tangazo linataka nini.

Utafiti huohuo ulionyesha kwa nini wastani wa taifa haumfai mtu wa mtaani. Nairobi ilikuwa na asilimia 87.1. Kaskazini Mashariki, nchi ya wafugaji, ilikuwa na asilimia 8. Wastani wa namba hizo hauelezi maisha ya mtu yeyote wa pande hizo mbili. Na ukishuka ndani ya wilaya moja utakuta hivyohivyo: kijiji cha barabarani chenye shule tangu enzi ya misheni, na kando yake dago la wavuvi au boma la wafugaji ambako mtoto hutembea saa mbili kufika darasani.

Kwa Tanzania, Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto una njia ya katikati, kati ya kuuliza tu na kutoa mtihani kamili. Mdodosaji hubeba kadi yenye sentensi fupi ya aina ya "Kilimo ni kazi ngumu", akamwomba mhojiwa aisome. Akisoma yote huandikwa hivyo, akisoma sehemu huandikwa hivyo, akishindwa huandikwa hivyo. Ni hatua kubwa mbele ya sensa, maana mhusika mwenyewe ndiye anayejibu, tena kwa macho na mdomo wake. Ila mhojiwa aliyesoma hadi juu hapewi kadi, hudhaniwa kuwa anajua. Tena asiyeona huwekwa kando kabisa, hata kama vidole vyake vinasoma nukta nundu vizuri kuliko macho ya jirani yake.

Darasa alilofika si anachojua

Njia nyingine iliyozoeleka ni kuuliza darasa. Umefika la ngapi? Umemaliza lini? Ni swali rahisi, na watu hulijibu bila aibu kubwa. Lakini lina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kwamba darasa la zamani si darasa la leo. Mzee wa miaka 80 akisema aliishia la nne, anasema amevuka ngazi iliyochuja watoto wengi wakati wa mkoloni, kabla ya shule ya kati iliyoanzia la tano hadi la nane. Mwanawe aliyemaliza la saba baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza 1977 alisoma katika darasa lililofurika, pengine kwa mwalimu ambaye naye alimaliza la saba juzi tu. Mjukuu aliyeanza shule mwaka 2015 alikutana na mtaala mpya wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika madarasa mawili ya mwanzo, kisha 2016 elimu bila ada ikajaza madarasa tena. Na sasa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imepanga elimu ya msingi ya miaka 6 na elimu ya lazima ya miaka 10. Kwa hiyo, baada ya miaka 20, "amemaliza msingi" itakuwa na maana tatu au nne ndani ya nyumba moja. Anayepima kiwango cha elimu kijijini lazima agawe watu kwa umri na kusoma kila rika peke yake. La sivyo atawachanganya mzee wa la nne anayeandika barua nzuri na kijana wa la saba anayehangaika na ujumbe wa simu.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Kuwapo darasani si kujifunza. Uwezo, mpango ulioanza 2009 Tanzania, Kenya na Uganda kwa kuiga kazi ya shirika la Pratham la India, ulikwenda majumbani badala ya shuleni. Watu wa kujitolea kutoka wilaya yenyewe waliketi na watoto wakiwa na karatasi za kiwango cha darasa la pili. Mtoto anaanza na silabi, akiweza anapanda hadi maneno, kisha aya, kisha hadithi. Ukiketi karibu na mtoto wa namna hiyo unaona kila kitu. Kidole kinatambaa chini ya neno, midomo inaunda *ba*, *ba-ba*, macho yanakupandia kukuomba umsaidie. Wengine husoma aya yote kwa sauti nzuri, na ukiwauliza nani alikwenda sokoni, wananyamaza. Katika matokeo ya mwanzo ya Tanzania, kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, takribani 3 tu waliweza kuisoma hadithi ya darasa la pili kwa Kiswahili. Hata miongoni mwa wanaomaliza la saba, kama mmoja kati ya watano alikuwa hawezi.

Takwimu za uandikishaji zilikuwa zinapendeza miaka hiyohiyo. Zote mbili zilikuwa kweli: watoto walikuwa shuleni, na wengi hawakuwa wanasoma. Ndiyo maana daftari la mahudhurio peke yake halitoshi kumwambia mzazi kama mwanawe anapata elimu.

Herufi zipi, lugha ipi?

Kuna watu ambao vipimo vyetu huwavua elimu yao bila kuwauliza. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla Kamati ya Lugha ya 1930 haijasanifisha tahajia ya herufi za Kirumi. Katikati ya karne ya 19 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi wa wasia ambao bado unasomwa. Mpe Mwana Kupona kadi yenye sentensi ya herufi za Kirumi, na angeandikwa kwamba hajui kusoma. Katika Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba wapo wazee, hasa kina bibi, waliosomea chuo cha Kurani, wanaosoma msahafu kila siku na kuandika majina na madeni kwa herufi hizo. Kuna anayetamka Kurani bila kuelewa Kiarabu, na kuna anayeandika Kiswahili chake kamili kwa herufi hizo. Hawa ni watu wawili tofauti, na wote ni tofauti na asiyejua herufi yoyote. Kipimo cha mwambao kisichouliza hili kinadanganya kuhusu mwambao.

Sylvia Scribner na Michael Cole waliliona jambo hili kwa Wavai wa Liberia, watu wenye maandishi ya aina tatu: Kiingereza cha shuleni, Kivai kilichofundishwa nyumbani, na Kiarabu cha chuoni. Kitabu chao cha 1981 kilionyesha kwamba kila maandishi humpa mtu ujuzi wake, kwa kadiri ya kazi anayoyatumia. Aliyezoea kuandika barua kwa Kivai alikuwa stadi wa kueleza jambo kwa mtu asiyekuwapo. Hivyo swali la kisomo lina mkia: anasoma nini, kwa herufi zipi, ili afanye nini?

Bara nako kuna swali la lugha. Mtoto wa Kimaasai au wa Kibarabaig hukutana na silabi za Kiswahili kabla hajakimudu Kiswahili chenyewe. Akishindwa mtihani, je, ameshindwa kusoma au ameshindwa lugha? Mpimaji asiyeuliza swali la pili ataandika jibu la kwanza tu.

Nyumba yenye msomaji mmoja

Jambo la mwisho ambalo asilimia huficha ni jinsi wasomaji walivyotawanyika. Chukua vijiji viwili, kila kimoja kina nyumba 100 zenye watu wazima wawili wawili. Katika vyote viwili, nusu ya watu wanajua kusoma. Lakini katika kijiji cha kwanza kila nyumba ina msomaji mmoja. Katika cha pili, nyumba 50 zina wasomaji wawili na nyumba 50 hazina hata mmoja. Asilimia ni ileile, maisha ni tofauti kabisa. Katika kijiji cha kwanza, kadi ya kliniki ikiletwa kuna wa kuisoma. Ujumbe wa kutoa pesa ukiingia kwenye simu, kuna wa kuangalia salio kabla wakala hajaondoka. Katika cha pili, nyumba 50 zinategemea macho ya jirani, na si kila jirani ni mwaminifu.

Wanauchumi Kaushik Basu na James Foster waliliandikia jambo hili mwaka 1998. Walitenganisha asiyejua kusoma anayeishi na msomaji na yule aliyetengwa, asiye na msomaji nyumbani mwake. Sisi hatukuhitaji wanauchumi kutufundisha kwamba mtoto ndiye anayemsomea bibi barua, lakini tulihitaji kuambiwa tuhesabu nyumba, si watu tu. Kwa kijiji kinachopanga pa kuanzia, orodha ya nyumba zisizo na msomaji hata mmoja ina thamani kuliko asilimia yoyote.

Hapa pia liko suala la wanaoondoka. Kijiji kinaweza kufaulisha vijana kila mwaka na kiwango chake cha elimu kisipande, kwa sababu aliyemaliza kidato cha nne yuko Kariakoo au Mwanza, na sensa ilimhesabu alikolala usiku wa sensa. Mwalimu mkuu wa hapo asilaumiwe kwa kile ambacho mabasi yamekibeba. Kipimo cha haki kinauliza pia kuhusu waliozaliwa hapa na waliko sasa.

Kijiji kinaweza kujipima

Kijiji chenye watu wazima 600 hakihitaji mtaalamu kutoka mbali. Kina daftari la wakazi kwa mtendaji, kina wenyeviti wa vitongoji wanaojua kila mlango, kina walimu na vijana waliomaliza sekondari. Wapimaji 12, kila mmoja watu 50, dakika 10 kwa mtu, na kazi inakwisha katika wikiendi mbili. Ni afadhali kupima wote kuliko kuchagua wachache. Ukichagua watu 100 kwa bahati nasibu na 70 wakaweza kusoma, ukweli wa kijiji unaweza kuwa popote kati ya takribani asilimia 61 na 79. Mwakani ukipata 75, huwezi kuapa kwamba mmepanda.

Maandishi ya kupimia yatoke katika maisha ya hapohapo: kadi ya kliniki ya mtoto, kibandiko cha dawa ya mikorosho, ujumbe wa muamala, risiti ya chama cha msingi, tangazo la mkutano. Matokeo yawekwe kwa ngazi, kama ilivyofanyika 1975, ila sasa ziwe tano: herufi, neno, sentensi, kuelewa, kutumia. Kila mtu aulizwe mwenyewe. Anayejua herufi za Kiarabu au nukta nundu apewe maandishi yake. Rika na jinsia viandikwe, maana pengo la wanawake wazee na la watoto wa kiume wanaochunga ng'ombe hayazibwi kwa dawa moja.

Na kuna suala la heshima. Tuliita kampeni yetu kufuta ujinga, na neno hilo liliwauma watu. Mtu mzima aliyeinua nyumba, akalea wajukuu na kujua kila udongo wa bonde lake si mjinga kwa kuwa hakufundishwa herufi. Akihisi anapimwa ili aaibishwe, atasema miwani imepotea, au leo macho yanauma. Kwa hiyo mpimaji aanze na shikamoo, apime faraghani, na jina la mtu lisisomwe hadharani kamwe.

Lakini matokeo ya jumla lazima yasomwe hadharani, katika mkutano mkuu wa kijiji. Hapa ndipo tumekosea kwa miaka mingi. Takwimu hupanda kutoka kijijini kwenda wilayani, mkoani na Dodoma, lakini hazirudi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu ni mali, na daftari lake likikaa kwa mgeni, mwenyewe atajuaje imepungua wapi? Kijiji kikiambiwa kwamba kitongoji fulani kina nyumba 23 zisizo na msomaji, na kwamba watoto wengi wa la tatu wameishia kwenye maneno, kina la kufanya kesho asubuhi. Kinaweza kuanzisha darasa la jioni, kuwaingiza watoto walioikosa shule katika MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, kumbana ofisa elimu kata, au kununua vitabu kwa fedha za serikali ya kijiji.

Turudi kwa mama aliyekuwa jikoni. Kipimo chema kinampisha mzee aende shambani, kinamwita mama akae kwenye kile kiti kizuri, kinampa kadi ya kliniki ya mjukuu wake na kumwomba asome tarehe ya kurudi. Akiisoma, kijiji kimepata mtu wa kusomea nyumba tatu za jirani. Asipoisoma, kimepata mwanafunzi wa kwanza wa darasa la Alhamisi jioni.